Rivasi

Coventry, Januari

Ndugu yangu Shabani,

Asalaam aleikum. Habari za Buguruni, watoto hawajambo? Mama anaendeleaje na ule mguu? Sisi huku wazima, ila baridi inatukomesha. Najua nimekaa kimya tangu Ramadhani na una haki ya kuninunia. Habari ya Mzee Kombo niliipata, nikaishiwa maneno. Tutamzungumza nikipiga simu, kwa maandishi siwezi.

Nakuandikia kwa sababu nimekwama kwenye rivasi, gia ya kurudisha gari nyuma, na wa kunikwamua ni wewe.

Unakikumbuka kile kigari cha viti viwili nilichokutumia picha, kisicho na milango? Kimeundwa kwa mtindo wa Lotus Seven ya mwaka 1957. Huku watu wanaviunda wenyewe nyumbani, kwa mabomba ya chuma ya pembe nne na vipuri vya Ford kuukuu. Aliyekiunda alikifunga injini ya Ford Pinto ya lita 2. Injini ya heshima, lakini chuma kitupu. Tulipoinyanyua kwa winchi, pua ya gari ilipanda yenyewe kama mtu aliyetuliwa gunia la mkaa. Na uzito wote ule unakupa nguvu za farasi 100 tu, kama zinafika.

Sasa hapa sakafuni nina injini ya pikipiki ya kuweka mahali pake, Yamaha R1 ya mwaka 1999: cc 998, kabureta nne, farasi 150, gia 6, na gia boksi limo humo humo ndani. Mimi na jirani tuliibeba kwa mikono kutoka barabarani mpaka bandani. Nguvu za kuvutia ndizo chache ukilinganisha na Pinto, kwa hiyo nitaondoka na moto mwingi na klachi ya kubembeleza. Hilo nimelikubali.

Kuiwasha ilinitoa jasho. Ikiwa nyutro inanguruma vizuri kabisa, nikiingiza gia, pap! Inazima. Siku mbili nakagua waya, plagi, mafuta. Usiku wa pili ndipo nikakumbuka ile bodaboda ya Zuberi uliyoiponya kwa dakika tano. Swichi ya stendi! Stendi yenyewe sikuwa nayo, swichi imekatwa, injini inadhani pikipiki bado imeegeshwa. Nikaunganisha zile waya mbili, nikaingiza gia, ikatulia. Nilicheka peke yangu mle bandani nikakutamani uwepo.

Sasa ndiyo shida yenyewe. Injini naigeuza robo mzunguko, pale palipokuwa na spoketi ya mnyororo panatazama nyuma, nafunga flenji, propela, ule mhimili wa kupeleka nguvu nyuma, inakwenda moja kwa moja kwenye difu inayozungusha magurudumu ya nyuma. Umeona? Ni guta! Guta la miguu mitatu la kubebea mizigo, lile tulilokuwa tukilala chini yake pale gereji, mchanga unatuingia masikioni. Injini ya pikipiki, propela, difu. Tofauti ni kwamba guta linarudi nyuma na langu halirudi.

Na lazima lirudi. Sheria ya Uingereza inasema gari lenye uzito unaozidi kilo 410 bila mzigo ni lazima liweze kwenda nyuma. Langu, hata baada ya kutoa Pinto, litazidi. Tena sheria tuiache kando, nyumba yangu ipo mwisho wa kichochoro, nitatokaje? Shemeji yako amesema hasukumi gari la mtu.

Wengine wanafunga mota ya stata inayozungusha meno yaliyofungwa kwenye propela. Ni nyepesi, lakini mlimani na betri ndogo siiamini. Wengine wananunua boksi la rivasi linalokaa katikati ya propela, bei yake ni kodi yangu ya mwezi mzima. Nikalitazama lile boksi kwenye picha nikasema, mbona hili nalijua? Lako la guta si la farasi 150, lingesambaratika siku ya kwanza, hilo naelewa. Ninachotaka ni kuuona mpangilio wake wa ndani kwa macho yako kabla sijatoa pesa.

Kuna la oili pia. Pikipiki ikikata kona inalala, oili inabaki chini ya mdomo wa pampu. Gari halilali, oili inakimbilia pembeni, pampu inavuta hewa, beringi zinakwisha. Bakuli la oili nimelifupisha na kulichomelea vizuizi ndani, nadhani hilo nimelimaliza. Rivasi ndiyo inaninyima usingizi.

Basi niambie. Boksi la guta, gia ya katikati inayogeuza mzunguko inakaa kwenye beringi au kwenye bushi? Kinachokufa kwanza ni nini, meno au ule uma wa kusukumia gia? Ukiingiza rivasi gari halijasimama sawasawa, linavumilia? Uliwahi kulifungua likiwa limekauka oili? Bado unalo lile bovu kwenye kreti chini ya meza, au umeshaliuza skrepa? Kama lipo, unaweza kulipasua na kunipigia picha kila upande, rula pembeni? Na Zuberi amekulipa?

Nisalimie mama sana. Mwambie viatu vyake vya mguu nimevipata, Rehema atakuja navyo mwezi wa tatu.

Ndugu yako,
Idrisa