Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: chipu si redio, toeni waraka

Mheshimiwa Mkurugenzi, shikamoo.

Ofisi yako siitaji na jina lako silitaji, ila ukifika katikati ya barua hii utajijua, na vijana wako wa kaunta watajijua kabla yako. Naandika hadharani kwa sababu barua za kawaida nimeshaleta, zikagongwa muhuri wa kupokelewa na hapo ndo ukawa mwisho wake. Mimi ni fundi wa redio za mikrowevu na vifaa vya dishi za setilaiti hapa Dar es Salaam, na kazi hii ndo inalisha nyumba yangu na vijana wanaojifunza kwangu.

Kilichonimalizia uvumilivu ni cha wiki iliyopita. Nina kifurushi kutoka nje ya nchi kimezuiliwa kwenu kwenye ukaguzi, kidogo cha kuingia mfuko wa shati, ndani yake kuna chipu za ampilifaya, yani za kukuza mawimbi, zilizotengenezwa kwa galiamu asenaidi badala ya silikoni ya chipu za kawaida, zile tunazoziita MMIC, yani saketi nzima ya mikrowevu imejengwa ndani ya kipande kimoja cha milimita 5 kwa 5. Kimelala kwenu muda mrefu mpaka nikazoea kuambiwa njoo kesho, sistimu iko chini, mhusika yuko kwenye kikao. Wiki iliyopita nikapigiwa simu nije tukague pamoja. Nikafurahi kweli, nikajua leo natoka nacho. Nafika nakuta mfuko wa rangi ya fedha wa kukinga umeme tuli umeshachanwa na wembe, ule wenye alama ya njano ya mkono uliokatwa mstari ambayo hata asiyejua Kizungu anaielewa, chipu zimemwagwa juu ya meza ya fomeka na afisa anazihesabu kwa kuzisukuma na kidole. Chumba kina AC, kapeti chini. Nikamwambia kwa adabu, kaka naomba usizishike hivyo, akanijibu nirudi nyuma ya mstari nisimfundishe kazi.

Mheshimiwa, mtu akitembea kwenye kapeti ndani ya chumba cha baridi kavu mwili wake unaweza kubeba volti elfu kadhaa na asihisi kitu. Chipu hizi geti yake, yani kile kijilango cha ndani kinachodhibiti umeme, haifiki hata mikroni moja, sehemu ya elfu ya milimita, nyingi zinakufa kwa volti mia kadhaa tu. Inayokufa palepale ina nafuu, maana utaijua mezani. Ile iliyojeruhiwa ndo mbaya, unaifunga, inawaka, inarusha vizuri, mteja anasafirisha kifaa mpaka Katavi, anapandisha mnara, baada ya mwezi laini inakata na anayelaumiwa ni fundi. Sa hivi nina mzigo ambao hata mkinipa leo siujui upi mzima upi mgonjwa, na pesa nililipa kabla haujapanda ndege.

Najua jibu litakalokuja, agiza zingine. Hapo ndo nakuomba unisikilize, maana naona ofisini kwako wanadhani hizi zinapatikana kama vipuri vya simu vya Kariakoo.

Hazipatikani hivyo. Soko la chipu hizi ni dogo sana kwa mtu kama mimi. Silikoni inatosha kwa kompyuta na vitu vingi, ila ukipanda masafa ya juu, kama ile 14 mpaka 14.5 GHz tunayorushia kwenda setilaiti, galiamu asenaidi ina faida yake, elektroni zake zinakimbia karibu mara sita ya zile za silikoni na kipande chenyewe karibu hakipitishi umeme kwa hiyo mawimbi hayapotei chini. Hii teknolojia Waingereza Pengelly na Turner wa kampuni ya Plessey waliionyesha mwaka 1976, halafu jeshi la Marekani likamwaga hela nyingi miaka ya themanini mwishoni kwenye mpango wao wa MIMIC ili itengenezeke kwa wingi, baadaye simu za mkononi zikaichukua. Mpaka leo simu ndo mnunuzi mkubwa, ndani ya simu uliyoshika hapo karibu hakika kuna ampilifaya ya galiamu asenaidi inayosukuma sauti yako mpaka mnarani. Viwanda vinapanga mambo yao kwa kumwangalia huyo mteja wa mamilioni ya vipande. Mimi wa vipande vya kuhesabika kwa mkono nasubiri mabaki, na muuzaji mara nyingi anataka ununue rili nzima, yani gurudumu zima la mkanda wenye chipu nyingi, ndo akujibu meseji.

Na wanaotengeneza wanazidi kupungua. TriQuint na RFMD waliungana wakawa Qorvo mwaka 2015, Hittite ilinunuliwa na Analog Devices mwaka 2014, OMMIC ya Ufaransa imechukuliwa na MACOM mwaka 2023, na Oktoba 2025 Skyworks na Qorvo nao wametangaza kuungana. Kampuni zisizo na kiwanda zinakwenda kuchapishiwa kwa WIN Semiconductors kule Taiwan. Kila wakiungana nahisi kuna mtu anakaa na orodha anakata chipu za zamani zisizouzika sana, na chipu za zamani ndo zilizomo kwenye vifaa vyetu, maana nchi hii inanunua vifaa vilivyotumika na kuvitumia mpaka vife. Kwenye nguvu kubwa galiamu naitraidi, malighafi nyingine ya chipu, inaingia kwa kasi, kwenye nguvu ndogo silikoni inapanda kutoka chini, galiamu asenaidi inabanwa katikati. Hiyo chipu iliyosukumwa na kidole mezani kwenu mtengenezaji ameshatangaza anaacha kuitengeneza. Zilizobaki ziko kwenye mashelfu ya wauzaji, zikiisha zimeisha, na baada ya hapo utauziwa zilizokwanguliwa juu na kuchapwa namba mpya. Hizo nazijua, ukiisugua kwa kitambaa chenye asetoni maandishi yanatoka na wino unabaki kwenye kitambaa.

Halafu kuna habari ya galiamu yenyewe. Haichimbwi peke yake kama dhahabu, inakamuliwa kidogo kidogo kwenye kiwanda kinachosafisha boksaiti, mawe ya kutengenezea alumini, kuwa alumina, na karibu asilimia 98 ya galiamu ghafi ya dunia inatoka China. Julai 2023 China ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Agosti anayetaka kuitoa nchini mwao lazima awe na kibali, tarehe 3 Desemba 2024 wakaifungia Marekani kabisa, Novemba 2025 wakalegeza wakasimamisha lile katazo mpaka tarehe 27 Novemba 2026. Kinachokuja baada ya tarehe hiyo watajua wenyewe. Upande wa pili Marekani nao wana sheria zao, baadhi ya chipu hizi zikifika masafa na nguvu fulani haziuzwi mpaka ueleze anayetumia nani na anafanyia nini, kwa sababu zinaweza kufungwa kwenye rada na makombora. Kwa hiyo mimi fundi wa mtaani najaza fomu ya kuapa kwamba sitengenezi silaha, natengeneza dishi la kituo cha afya. Najaza kwa moyo mmoja. Wakubwa wanavutana, bei inapanda, muuzaji anaogopa, ila mwisho wa siku huko kote napita. Napita Beijing, napita Washington, nakuja kukwama nyumbani kwetu, Mheshimiwa, kwenye meza yako.

Na kwa nini nakwama? Kwa sababu afisa wako ameandika kwamba nimeingiza redio. Invoisi inasema ampilifaya, saketi unganishi, yani chipu, kifungu cha ushuru 8542 ambacho kila forodha duniani ndo kifungu cha saketi za namna hii. Yeye kabadilisha kaweka 8517, kifungu cha simu na vifaa kamili vya mawasiliano. Akishaandika hivyo mlango wa pili unafunguka, natakiwa kibali cha aina ya kifaa, ripoti ya maabara, barua ya mtengenezaji na sampuli ya kupimwa. Nikaambiwa nikiwashe waone kinarusha nini. Nikiwashe vipi? Haina antena, haina modemu, haina kitu cha kuzalisha masafa, haina hata pa kuchomeka waya, inaletewa mawimbi na wenzake kwenye bodi ndo inayakuza. Nyingi ya hizi unatakiwa uipe kwanza volti hasi kwenye geti ndo ufungulie umeme mkubwa, ukikosea mpangilio imeungua kabla hujatoa kidole kwenye swichi. Nikamweleza, nikamletea na data shiti, karatasi ya mtengenezaji inayoeleza chipu, nimeichapa, akaiweka pembeni. Mtu kaleta spaki plagi mnamdai leseni ya basi, ndo hivi mnavyotufanyia, na siku zinavyokwenda gharama ya kutunza mzigo inapanda mpaka inazidi mzigo wenyewe.

Labda hawajafundishwa. Labda wanaona neno mikrowevu wanaogopa. Labda kuna anayesubiri nimtoe chochote kitu, maana kuna jamaa nje ya geti alinifuata bila kuitwa akaniambia yeye anajua pa kupita, sijui alijuaje shida yangu. Simsingizii mtu. Ila sheria ingekuwa imenyooka huyo jamaa asingekuwa na kazi pale.

Nikukumbushe na ahadi yako. Ulikaa na sisi mafundi kwenye ule mkutano, kamera zikiwepo, ukasema wazi kwamba vipuri vya mawasiliano vitafunguliwa dawati lake, na kwamba utatoa waraka maafisa waache kuchanganya kipuri na kifaa kamili. Tulipiga makofi. Mimi mwenyewe nilisimama nikakushukuru kwa niaba ya wenzangu, na nilimaanisha. Dawati hakuna. Waraka hakuna. Nikiuliza kaunta wananiambia hawajawahi kusikia kitu kama hicho, na mwingine ananiuliza una ushahidi gani, mimi nilete ushahidi wa maneno ya bosi wake.

Wanaoumia siyo mimi tu. Hivyo vifaa vya kurusha vya dishi, BUC tunaviita, vinavyokaa mbele ya dishi kule juani na mvuani, vikipigwa na radi au umeme ukirudi kwa kishindo kinachokufa mara nyingi ni chipu ya mwisho ya kusukuma nguvu. Unafungua mfuniko, unatoa mpira wa kufyonza mawimbi, unaiona imebadilika rangi pembeni na dhahabu ya pedi imevimba. Kubadilisha chipu ni makumi ya dola na siku moja ya kazi ya mikono kama una hotieya, mashine ya hewa ya moto ya kuyeyusha risasi ya kuchomelea, nzuri na mikono haitetemeki. Kununua BUC mpya yenye nguvu ile ni maelfu ya dola. Kituo cha afya kilichoniletea kifaa chao hawana maelfu ya dola. Muuguzi wa kule ananipigia mwenyewe, ananiuliza fundi vipi, ripoti zao wanapanda bodaboda kwenda kuzituma mjini, na rufaa ya mgonjwa wanatafuta mtandao wa simu juu ya kichuguu. Mimi namjibu mzigo uko kwenye ukaguzi. Ameshaacha kuniamini, namsikia kwenye sauti, na sina cha kumlaumu. Mteja mwingine, wa mgodi mdogo, ameshachukua kifaa chake kibovu kapeleka nje ya nchi kutengenezwa, pesa ya Tanzania imekwenda kulipa fundi wa kwingine kwa kazi ambayo vijana wangu wanaiweza.

Wale vijana Mheshimiwa. Wamesoma, wana diploma, wamekaa kwangu wakajifunza kushika chipu kwa kibano huku wamevaa mkanda wa mkononi wenye waya wa kwenda ardhini. Tunaimba viwanda na teknolojia kila siku, sasa teknolojia ni hii hapa, mikono ipo, ujuzi upo, kinachokosekana ni kipuri cha mfuko wa shati kinachozeeka kwenye droo yenu.

Nilitaka kudai mengi. Nilitaka kudai fidia ya zile mlizozimwaga mezani, nilitaka gharama ya kutunza mzigo ifutwe kwa sababu aliyechelewesha siyo mimi, nilitaka yule afisa aniombe radhi. Bado nayataka. Pia nilitaka mkiwa lazima mfungue mifuko muwe na mkeka wa kuondoa umeme tuli na mkanda wa mkononi, ni vitu vya bei ndogo, nikiambiwa leo nawaletea vya kwangu bure na nakuja kuwafundisha vijana wako kuvivaa, sidai posho. Na kama hamna nafasi ya hayo yote basi fanya hili moja tu, toa ule waraka. Ukurasa mmoja unatosha. Useme saketi unganishi zinazoingia bila antena, bila kasha na bila chanzo cha umeme zikaguliwe kama saketi, kwenye kifungu chake cha 8542, zisidaiwe kibali cha redio, na mifuko ya kukinga umeme tuli isichanwe bila mwenye mzigo kuwepo. Uweke sahihi yako, ubandikwe kaunta pale ambapo afisa na mimi wote tunaona.

Kuna mzigo wa pili unakuja, nimeshalipia kabla ya haya kutokea, chipu zilezile za mwisho mwisho ambazo muuzaji kaniambia akimaliza hizo hana nyingine. Uko njiani na utafika kwenu mwezi huu. Nakala ya ewebili, ile hati ya mzigo wa ndege, nimeiacha kwa katibu wako muhtasi pamoja na data shiti na barua hii, ameniandikia jina lake kwamba amepokea. Naomba waraka utoke kabla huo mzigo haujafika.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa redio za mikrowevu na dishi, Dar es Salaam