Barua kwa Wazazi na Walezi: Kwa Nini Watoto Walianza na Daftari Kabla ya Kompyuta

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: SOMO LA UANDISHI WA PROGRAMU ZA KOMPYUTA, KIDATO CHA KWANZA, MUHULA WA KWANZA

Ninakusalimu na kukushukuru kwa ushirikiano ulioipa shule yetu katika muhula huu tunaoufunga. Maendeleo ya masomo mengine utayaona katika taarifa ya matokeo aliyokuja nayo mwanao. Barua hii inahusu jambo moja tu, kwa kuwa ndilo lililoulizwa kwa uchungu zaidi katika kikao cha wazazi cha katikati ya muhula, nami siku hiyo muda haukuniruhusu kulijibu inavyostahili.

Mzazi mmoja alisimama akasema kwamba wazazi walichanga, kompyuta 12 zikanunuliwa, na mwanawe ana wiki ya tano akisema anajifunza kuandika programu, lakini kila akilifungua daftari lake haoni ila visanduku na mishale ya penseli. Aliuliza kompyuta zimekaa kufanya nini. Wengi walimuunga mkono, na walikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu fedha ni zao na watoto ni wao.

Jibu langu ni kwamba ile penseli ndiyo somo lenyewe. Programu ni maelekezo yaliyopangwa hatua kwa hatua kwa mashine isiyokisia hata kidogo, inayotenda kile tu ilichoambiwa, na kwa mpangilio uleule. Mtoto ambaye hajaielewa kazi kichwani mwake hawezi kuielekeza mashine hiyo, hata akiwekewa mbele yake kompyuta ya bei kubwa kuliko zote. Naomba nieleze kazi moja ambayo watoto waliifanya katika wiki ya tatu, ili uone mwenyewe kilichokuwa kinaendelea ndani ya visanduku vile.

Mwalimu wa TEHAMA aliwataka waandike maelekezo ya kubadili saa tunayoitaja kwa Kiswahili iwe saa inayoonekana kwenye simu. Kila mmoja aliona ni kazi nyepesi. Saa 1 asubuhi simu inaonyesha 7, saa 3 inaonyesha 9, saa 8 mchana inaonyesha 14, na saa 12 jioni inaonyesha 18. Basi ongeza 6, kazi imekwisha. Mwalimu hakubisha, bali aliwauliza kuhusu saa 2 usiku. Kwa kanuni yao jibu lilikuwa 8, ilhali simu husema 20. Ndipo walipoona kwamba kabla ya kujumlisha chochote lazima kwanza kuulizwe kama ni mchana au usiku, na swali la namna hiyo ndilo linaloitwa sharti. Wakaandika: ikiwa ni mchana ongeza 6, ikiwa ni usiku ongeza 18. Saa 2 usiku ikawa 20, wakafurahi. Kisha wakajaribu saa 7 usiku wakapata 25, saa ambayo hakuna simu inayoionyesha, wakalazimika kuongeza sharti jingine: jibu likifika 24 au kuzidi, toa 24. Sasa saa 7 usiku ikawa 1, kama inavyotakiwa.

Hapo nilikuwa nimesimama mlangoni, na nilidhani wamemaliza. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono, akasema mama yake huamka saa 11, na nyumbani kwao huitwa saa 11 asubuhi, si alfajiri. Darasa likafuata kanuni yake lenyewe: asubuhi ni mchana, 11 ongeza 6, ni 17. Mama huyo angeamshwa jua likikaribia kuzama. Ukafuata mjadala mrefu, mmoja akidai kwamba kosa ni la mama kwa kutosema alfajiri, mwingine akimjibu kwamba watu hawatabadili lugha yao ili kuiridhisha programu, na kwamba ni programu inayopaswa kuwaelewa watu. Huyo wa pili alisema jambo ambalo waandishi wengi wa programu hulijua baada ya miaka ya kazi. Mwisho walikubaliana kwamba mtu akisema asubuhi, na saa ikiwa 10, 11 au 12, ihesabiwe pamoja na usiku. Walijaribu: 11 na 18 ni 29, toa 24, ni 5.

Wakati wote huo hapakuwa na kompyuta hata moja iliyowashwa. Juma lililofuata, walipoingia katika chumba cha kompyuta wakiwa wawili wawili, jozi nyingi zilimaliza kuiandika programu hiyo katika kipindi kimoja cha dakika 40, kwa kuwa kilichobaki kilikuwa kuhamisha mawazo yaliyokwisha kukomaa. Mwaka jana tulifanya kinyume. Tuliwakalisha watoto mbele ya kompyuta tangu siku ya kwanza, wakanakili kutoka ubaoni, programu zikafanya kazi na sote tukaridhika. Kwenye mtihani swali lilipogeuzwa kidogo tu, karatasi nyingi zilirudi tupu. Kosa hilo lilikuwa letu walimu, na ndilo lililotufanya tuanze upya.

Utaratibu huu hatukuubuni sisi. Mwaka 1843 Mwingereza Ada Lovelace alichapisha maelezo ya namna mashine iliyobuniwa na Charles Babbage ingeweza kukokotoa mfululizo mgumu wa namba, hatua kwa hatua, na wengi huyahesabu maelezo hayo kuwa programu ya kwanza kuchapishwa. Babbage hakuikamilisha mashine hiyo. Programu ilikuwa karatasini, imepangwa barabara, ikisubiri mashine ambayo mama yule hakuwahi kuiona. Nililisimulia jambo hili mstarini asubuhi moja, na nafurahi kwamba watoto kadhaa walinifuata baadaye kuniuliza zaidi.

Lipo jambo la lugha, ambalo kwangu lina uzito mkubwa. Mtoto wa Kidato cha Kwanza ametoka shule ya msingi alikosoma kwa Kiswahili, na ghafla masomo karibu yote yamegeuka kuwa ya Kiingereza. Lugha ya programu tunayotumia, Python, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, nayo maneno yake ya msingi ni ya Kiingereza. Tukimkabidhi mtoto mizigo yote miwili kwa pamoja, akikwama kwenye neno atadhani amekwama kwenye akili, na wapo watoto wenye vipaji waliokata tamaa kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo tumeamua kwamba mpango wa kila programu uandikwe kwanza kwa Kiswahili: ikiwa, vinginevyo, rudia mpaka. Ukiyakuta maneno hayo daftarini, usidhani mwanao anakwepa Kiingereza. Hatua ya kuyageuza inakuja, na huwa fupi.

Kabla ya muhula kwisha waliingia katika vitanzi, yaani kuiambia mashine irudie kazi bila kuiandika upya kila mara, na vibadilika, yaani majina yanayotunza thamani ndani ya programu. Mvulana mmoja aliandika programu ya kujumlisha ndoo za maji zilizomwagiwa bustani ya shule kwa siku tatu, 12, 15 na 9. Ilipaswa kutoa 36 lakini ikatoa 9. Mwalimu hakumwonyesha kosa. Alimpa penseli na kumwambia achore jedwali, kisha apite mstari kwa mstari kwa kidole akiandika thamani ya jumla kila inapobadilika. Alipofika mzunguko wa pili alisimama ghafla. Ile amri ya kuanzisha jumla kwa 0 alikuwa ameiweka ndani ya kitanzi, hivyo kila siku mpya ilifuta ndoo za siku zilizopita. Aliihamishia nje, 36 ikatokea, na furaha aliyokuwa nayo usoni siwezi kuieleza vya kutosha kwa barua.

Kwa likizo hii sikuombi ununue kompyuta. Nakuomba umpe mwanao daftari la mistari na nafasi ya kukueleza kazi moja ya nyumbani au ya biashara yako kana kwamba anamweleza mtu asiyejua lolote: namna ya kurudisha chenji kwa noti na sarafu chache iwezekanavyo, au namna ya kujua kama mwaka ni mrefu, ambapo ataona kwamba 2000 ulikuwa na Februari ya siku 29 lakini 1900 haukuwa nayo, ingawa yote miwili hugawanyika kwa 4. Kazi yako ni kumuuliza, “Je, ikitokea hivi?” Akikosea, tafadhali usimkaripie wala kumpa jibu, mwache alitafute kosa mwenyewe, hata likimchukua siku mbili. Na kama una simu ya kisasa na ungependa aitumie kujifunzia, iwe sebuleni na kwa muda mliokubaliana.

Muhula ujao tutaanza na kugawa programu kubwa katika sehemu ndogo ndogo, na kila jozi itachagua tatizo la kweli la shule au la mtaa wao. Tafadhali hakikisha mwanao anarudi na daftari lile lile la muhula huu, kwa kuwa ataendeleza michoro iliyomo. Chumba cha kompyuta kitakuwa wazi kwa wazazi Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufunguliwa, kuanzia saa 3 asubuhi, na watoto wenyewe ndio watakaowaonyesha kazi zao na kujibu maswali yenu.

Wako katika malezi ya watoto wetu,

Mkuu wa Shule