Barua kwa mwanangu: mkataba ukiisha, nani ataendelea kupima?

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, ila goti la mama yako linamsumbua, na bado anakataa kutumia fimbo. Ile barua ya kazi uliyonitumia nimeisoma yote, kisha nikarudi kwenye kifungu cha muda: miaka miwili, “na unaweza kuongezwa kutegemea upatikanaji wa fedha.” Maneno hayo nayafahamu. Nimefanya kazi chini yake muda mrefu kuliko unavyodhani.

Hongera kwanza, usije ukasema baba hana la heri. Mama yako ameshautangazia ukoo mzima kwamba unakwenda kupima misitu. Nikajaribu kumweleza kuwa si misitu peke yake. Ni mashamba, malisho, misitu ya mbao, mabwawa, ardhi yoyote ambayo watu wanachuma riziki juu yake na wakati huohuo inawashikia udongo, inawachujia maji, inawatunzia nyuki wanaochavusha mazao. Wewe kazi yako itakuwa kukadiria huduma ipi inatoka wapi, kiasi gani, inamfikia nani, na itakuwaje wakilima zaidi au wakipanda miti. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, “Basi si ndiyo kupima misitu?” Nikaacha.

Mimi swali langu ni moja na utanichoka: mkataba ukiisha, nani ataendelea kupima?

Huduma hizi za ikolojia haziendi kwa mwaka wa fedha. Watu wa juu ya bonde wakipanda nyasi kwenye matuta leo, tope lililoingia mtoni zamani bado limelala kwenye sakafu ya mto, na kila mafuriko yanalisogeza kidogo tu. Naitreti ya mbolea iliyozama kwenye maji ya chini ya ardhi inaweza kuchukua miongo kabla haijatokeza mtoni. Sasa mradi unakuja, unapima mwaka wa kwanza, unapima wa pili, hauoni tofauti, unaandika kwamba wakulima wamejisumbua bure. Au miaka hiyo miwili inaangukia kwenye ukame, maji yanatulia, tope linapungua lenyewe, na mradi unajipigia makofi. Vyote viwili nimeviona kwenye ripoti zenye majalada mazuri.

Kibao cha kupimia kina cha mto unakifahamu, sikuelezi. Usichokifahamu ni kilichotokea ulipokwenda chuo. Mafuriko yalikiinamisha. Nikaendelea kukisoma saa tatu kila asubuhi kama kawaida, nikaomba aje mtu apime upya sifuri yake. Hakuja mtu, kwa sababu mradi ulikuwa kwenye miezi yake ya mwisho. Kibao kikiinama, maji ya kina kilekile yanagusa namba ya juu zaidi. Kwa hiyo daftarini niliandika tarehe kwa wino mwekundu, pembeni nikachora jinsi kilivyolala. Baadaye akaja kijana mmoja na kompyuta yake, mpole, mwenye heshima zake, akapiga picha kurasa zote za tarakimu. Kurasa za maelezo akaziruka. Nilimwambia. Akasema ataziingiza baadaye. Ina maana mahali fulani kuna modeli ya kompyuta inayoamini kwamba mto ule uliongezeka maji usiku mmoja, na haukupungua tena.

Ndiyo maana nakusumbua. Kijana yule hakuwa mvivu. Alikuwa na miezi minane iliyobaki kwenye mkataba wake.

Likizo ile uliponionyesha InVEST nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Programu ya bure ya kukadiria huduma hizi za ardhi, ya watu wa Natural Capital Project walioanza Stanford mwaka 2006, nawe unaiendesha kama unacheza. Lakini nilikuuliza tope inalihesabuje, ukanijibu harakaharaka kwa sababu ulikuwa na safari. Nimesoma mwenyewe. Ndani yake kuna ule mlinganyo wa upotevu wa udongo uliotengenezwa kutokana na vijishamba vya majaribio Marekani, na kipande cha kulinganishia kilikuwa na urefu wa mita 22.1 na mteremko wa asilimia 9. Nguvu ya mvua, mara wepesi wa udongo kumomonyoka, mara urefu na ukali wa mteremko, mara mimea iliyofunika, mara juhudi za mkulima. Sawa, ni hesabu nzuri. Ila inahesabu udongo unaosombwa juu juu na kwenye vifereji vidogo. Korongo halimo. Ukingo unaoporomoka ng’ombe wakishuka kunywa maji haumo. Ramani yako inaweza kumnyooshea kidole mkulima wa mlimani na tope lote linatoka kwenye korongo la barabara iliyochimbwa vibaya. Utajuaje kama hakuna anayekinga maji ya mto kwenye chupa wakati wa mvua?

Najua utaniambia setilaiti. Kweli, setilaiti hazifungwi mkataba wako ukiisha. Landsat inapiga picha tangu 1972, na tangu 2008 picha zake hazilipiwi. Sentinel-2 inarudi mahali pamoja kila siku tano, na kila nukta ya picha yake, yaani pikseli, ni mita 10 kwa 10. Nimevutiwa, sikatai. Lakini mstari wa miti ya mpakani wenye upana wa mita mbili unamezwa ndani ya pikseli ya mita 10, na mstari huohuo ndio unaozuia udongo na kuwapa nyuki makazi. Setilaiti inaona ukijani wa majani. Haioni kisima kimeshuka kiasi gani, wala nani amekatazwa kuchota.

Basi kabla hujatia saini, waulize. Usiulize kwa haya ya mgeni. Waulize vipimo vilivyopo vilianza lini, nani anavisoma, analipwa na fungu gani, na mwezi utakaofuata baada ya wewe kuondoka vitakuwa mikononi mwa nani. Wakibabaika, si lazima ukatae kazi, sijasema ukatae. Lakini utakuwa umejua unaingia wapi.

Wakikuambia hakuna utafiti unaoweza kuahidiwa miaka mingi, wakumbushe kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, ambako shamba la ngano la Broadbalk linafuatiliwa tangu 1843, na wakuu wangapi wamepita pale. Kwenye msitu wa utafiti wa Hubbard Brook, Marekani, walianza kupima kemikali zilizomo kwenye mvua na vijito mwaka 1963 bila kutafuta mvua ya asidi, na ni mfululizo huo uliowaonyesha. Hata Charles David Keeling, aliyeanza kupima kaboni dioksidi kule Mauna Loa mwaka 1958, alipungukiwa fedha, na mwaka 1964 vipimo vilisimama kwa miezi kadhaa. Lile pengo lipo kwenye takwimu hadi leo. Yeye alikuwa Keeling na alisimamishwa. Wewe na mimi je?

Sisemi kazi haipo. Costa Rica inawalipa wenye ardhi kwa kutunza misitu tangu 1997, na anayelipa lazima ajue analipia nini. Mwaka 2021 Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ilipitisha utaratibu wa kuingiza mifumo ikolojia kwenye hesabu za nchi, kwa hiyo ofisi za takwimu zitahitaji watu wenye ujuzi kama wako. Usizidharau. Naona nyinyi wa uzamivu mnazitazama ofisi za takwimu na mamlaka za maji kana kwamba ni mahali pa kustaafia. Hutaandika makala nyingi ukiwa huko, ni kweli. Lakini kipimo kikiwa kwenye bajeti ya kawaida, hakifi siku mfadhili anapobadili mawazo. Fikiria hilo ukifika miaka thelathini na tano na bado unahama na masanduku kila miaka miwili.

Halafu, wanaokusomea vipimo uwataje kwa majina kwenye kazi yako. Mimi sidai kitu. Nasema tu.

Na ukipata jibu lisilompendeza aliyetoa fedha, liandike vilevile. Watu wengi wanataka kusikia kwamba kila mti unaleta maji. Afrika Kusini tangu 1995 wana mpango wa Working for Water wa kung’oa miti vamizi, kwa sababu miti ile inakunywa maji ambayo mito inayahitaji. Mti uleule unaoshika udongo na kuhifadhi kaboni unaweza kupunguza maji ya mto. Uliniambia mwenyewe, nikabisha, na ulikuwa na ushahidi.

Jambo jingine ni simu. Unanipigia mimi kuniuliza habari za madaftari, unasahau kumwomba mama yako azungumze. Hasemi, lakini simu ikilia anasogea karibu. Mpigie yeye kwanza, mimi nitapokea zamu yangu.

Mdogo wako amefaulu hesabu na sasa anataka kufuata nyayo zako. Sijamkataza. Nimemwambia akuandikie akuulize mshahara wako unaingia tarehe ngapi na kwa muda gani. Umjibu ukweli, usimpambie.

Madaftari nimeyatoa kwenye lile sanduku la mbao kwa sababu mchwa walikuwa wameanza upande wa chini. Hawakufika kwenye maandishi. Shangazi yako amenishauri niyachome kwa kuwa mradi ulishakufa. Nimeyaweka kwenye ndoo mbili za plastiki zenye mifuniko. Ukija kuaga, uje na kifaa cha kuyapiga picha, na safari hii kila ukurasa upigwe, pamoja na ule wenye wino mwekundu na ule ambao mdogo wako alichora gari. Ukishayahifadhi mahali ambapo mtafiti yeyote anaweza kuyapata, uniletee anwani yake iliyoandikwa kwa karatasi. Kwenye simu yangu vitu vinapotea.

Mfereji wa paa umetoboka pale juu ya mlango wa nyuma, na fundi amesema anaweza kuja Jumamosi au wiki ya mwisho wa mwezi. Kama unakuja mapema, niambie, nimwite Jumamosi asije akawa anagonga mabati nawe umelala umechoka na safari. Na mama yako anauliza kama lile koti zito bado linakutosha au atafute jingine. Usimjibu kwamba utanunua ukifika.

Ni mimi baba yako.