Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu, Wizara ya Uchukuzi: ndege za kupima moshi zipewe kibali cha eneo, si cha mstari

Ndugu Katibu Mkuu,

YAH: VIBALI VYA NDEGE ZA UTAFITI WA KEMIA YA HEWA WAKATI WA MSIMU WA MOTO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunakuandikia wewe kwa sababu Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) na Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) zote zipo chini ya wizara yako. Ombi letu kubwa ni hili: ndege ya utafiti ipewe kibali cha eneo la anga lililoidhinishwa mapema, na njia halisi ya kila safari iwasilishwe jioni ya kuamkia siku hiyo. Utaratibu wa kutaja njia na saa wiki kadhaa kabla unaifaa ndege ya abiria inayotoka mji mmoja kwenda mwingine. Haumfai anayefuata moshi.

Kuanzia Juni hadi Oktoba miombo ya Tabora, Katavi na Rukwa huungua. Wapo wanaoandaa mashamba, wapo wanaochoma malisho yachipue upya, na hifadhi nazo huchomwa mapema kwa makusudi ili moto wa Septemba usikute nyasi nyingi. Setilaiti zinasaidia, lakini zina kikomo. VIIRS, kifaa kilicho kwenye setilaiti, hutambua moto kwa vipande vya mita 375 na hupita karibu saa 7 na nusu mchana, kisha saa 7 na nusu usiku. Moto wa shamba uliowashwa saa 10 jioni na kuzimika saa 2 usiku unaipita bila kuonekana. TROPOMI, kifaa kingine cha setilaiti kilichorushwa Oktoba 2017, huona kaboni monoksidi na methani kwa jumla ya hewa yote kutoka ardhini hadi juu. Haikuambii kama moshi uko futi 3,000 au futi 12,000.

Serikali ina swali lake hapa. Nyasi kavu huwaka kwa miali na kutoa zaidi kaboni dioksidi. Zenye unyevu, kama zinazochomwa mapema, hufuka, na moto wa kufuka hutoa kaboni monoksidi na methani nyingi zaidi kwa kila kilo inayoungua. Kwa hiyo uchomaji wa mapema unaweza kupunguza eneo linaloungua, huku kila kilo ya nyasi ikichafua hewa zaidi. Faida inazidi hasara kwa kiasi gani kwenye miombo yetu? Jibu linapatikana kwa kuingia ndani ya moshi na vipimo. Januari 2019 ndege ya utafiti wa hewa ya Uingereza, FAAM, aina ya BAe-146, iliruka kutoka Entebbe kwa kazi ya namna hii, kisha ikapima methani ya maeneo oevu ya Bangweulu, Kafue na Lukanga kule Zambia. Kabla ya hapo, mwaka 2016, ndege tatu za Ulaya zilifanya kazi Lomé, Togo, na ndege ya P-3 ya NASA, shirika la anga la Marekani, ikaruka kutoka Walvis Bay, Namibia, halafu São Tomé mwaka 2017 na 2018. Bangweulu iko kilomita mia chache tu kutoka Rukwa.

Sasa tueleze kazi yenyewe, maana sababu ya ombi letu imo humo.

Rubani huukata moshi upande kwa upande. Anaanza nje kwenye hewa safi na kumalizia nje upande wa pili, ili pawe na kiwango cha kulinganishia. Hurudia hivyo kwa futi 500, 1,500, 3,000 na 5,000 juu ya ardhi, umbali uleule kutoka motoni, mpaka mistari hiyo ikae kama pazia lililotundikwa. Kiwango cha gesi kwenye pazia kikizidishwa na kasi ya upepo unaolipenya, unapata kilo kwa saa. Pazia la pili huwekwa kilomita 20 mbele na la tatu kilomita 60, ili kuona ozoni inavyozaliwa kadiri moshi unavyozeeka. Ndege inakwenda takriban mita 100 kwa sekunde, kwa hiyo moshi wenye upana wa kilomita 3 unavukwa kwa nusu dakika tu. Kifaa kinachosoma kila sekunde kitakupa nukta 30. Kinachosoma kila dakika kitachanganya moshi na hewa safi ya pande zote mbili, kikupe nukta moja isiyofaa kitu.

Upepo ukigeuka nyuzi 30 tu, pazia la kilomita 60 linapaswa kuhama zaidi ya kilomita 30. Hapo kibali cha mstari kimeshakwama: ndege iko angani, mafuta yanateketea, moshi unaonekana dirishani, na rubani hana ruhusa ya kuufuata.

Tunapendekeza masanduku ya anga. Kila sanduku litajwe kwa pembe zake nne za latitudo na longitudo, sakafu yake na dari yake, mathalani futi 500 juu ya ardhi hadi futi 20,000. TCAA na Jeshi wayapitie miezi mitatu kabla ya ndege kufika. Jioni ya kuamkia safari, kabla ya saa 11, mratibu atume jina la sanduku na saa za kuingia na kutoka, NOTAM, yaani tangazo kwa marubani, itoke. Saa tatu kabla ya kuruka atume michoro ya njia. Ndani ya sanduku, mabadiliko yawe mazungumzo ya redio kati ya rubani na mwongoza ndege, basi. Waongoza ndege waelezwe mapema, ana kwa ana na kwa michoro, kuhusu mzunguko wa kupanda: ndege hujizungusha kwenye duara la kilomita 10 kutoka futi 500 hadi 20,000, kazi ya dakika 20 hadi 40. Asiyeelezwa ataona kwenye rada ndege iliyopotea.

Juu ya hifadhi za Katavi na Ruaha sakafu ipandishwe. Wanyama hutaharuki, na mchana tumbusi hupanda na hewa ya joto hadi urefu uleule tunaoutaka sisi.

Lipo jambo dogo linaloharibu safari nzima: saa. Vifaa vyote huandika muda wa UTC, saa ya kimataifa, kutoka GPS, mpango wa safari huandikwa kwa UTC, saa za ukutani ni za Afrika Mashariki, na sisi tunasema saa za Kiswahili. "Saa tatu" ya mlinzi wa lango la uwanja ni 09:00 kwenye saa ya ukutani na ni 06:00 kwenye karatasi ya rubani. Kila taarifa inayotoka kwa mratibu ibebe UTC na saa ya Kiswahili pamoja, "06:00 UTC, saa 3 asubuhi", bila kuachia mtu afanye hesabu kichwani.

Lango hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Tuseme ndege inaruka saa 5 asubuhi. Vifaa vinahitaji saa nne hadi tano kupashwa na kupimwa kwa gesi za rejea, zile ambazo kiwango chake kinajulikana, kwa hiyo mafundi waingie maegeshoni saa 12 asubuhi. Safari ya saa tano inawarudisha saa 10 jioni, na kufunga vifaa kunafika saa 12. Hizo ni saa 12 za kazi, na hapo kikomo cha zamu kimeshafikiwa. Vitambulisho vikichelewa saa mbili langoni, safari inafutwa. Vitambulisho vya msimu mzima vitolewe kabla ya ndege kutua.

Kuhusu kituo, uwanja wa Kilimanjaro (KIA) una barabara ndefu ya kurukia na mafuta ya Jet A-1, lakini Mpanda iko zaidi ya kilomita 700 kutoka hapo. Kwa ndege inayokaa angani saa tano, kwenda na kurudi juu kwa kasi kunakula zaidi ya saa mbili, akiba ya mafuta dakika 45, hivyo ndani ya moshi zinabaki pungufu ya saa mbili na robo. Uwanja wa magharibi wenye Jet A-1 ungekaribia kuongeza muda huo maradufu. Popote itakapokaa, ndege inahitaji gari la kuipa umeme wa volti 115 na mizunguko 400 kwa sekunde, pamoja na mashine ya kupuliza hewa baridi ndani. Umeme ukikatika dakika chache tu, ombwe ndani ya spektromita, kifaa cha kupima gesi, linapotea, leza zinapoa, na asubuhi yote inaanza upya.

Forodha nako kuna mtego. Mzigo unaingia kwa muda na dhamana, ukitakiwa kutoka kama ulivyoingia. Lakini mtungi wa gesi ya rejea unaingia umejaa na kutoka mtupu, na butanoli ya kuhesabia chembechembe huisha kabisa. Orodha itenganishe tangu mwanzo vinavyorudi na vinavyotumika. Vipuri navyo vipewe njia ya haraka. Bomba la kuvutia hewa, la plastiki ya PFA na kipenyo cha milimita 6, hutumika kwa sababu asidi ya nitriki hunata kwenye chuma, na likipasuka hulipati duka la vifaa vya ujenzi. Kifurushi cha kilo 2 kikikaa siku tano, zimepotea safari mbili kati ya kumi na mbili. Vyanzo vidogo vya mionzi ndani ya vifaa vya chembechembe viombewe kibali TAEC (Tume ya Nguvu za Atomiki) mapema, masafa ya redio ya vipimo vinavyodondoshwa kutoka kwenye ndege yaombewe TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano), na kibali cha utafiti kiombwe COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia).

Tunajua pia wasiwasi wa usalama. Mkataba wa Chicago wa 1944, kifungu cha 36, unaipa nchi haki ya kuzuia au kudhibiti kamera za angani. Itumieni haki hiyo: picha zikaguliwe na ofisa wenu kabla hazijatoka nchini. Na masharti yawekwe kwenye kibali chenyewe, kwamba kiti kimoja katika kila safari ni cha mtaalamu wa TMA, kwamba mtabiri wa TMA ana sauti katika uamuzi wa kuruka au kuahirisha, na kwamba data ghafi inabaki hapa nchini siku ndege inapoondoka.

Ili ndege iruke Agosti, masanduku yaidhinishwe kufikia Mei, na mitungi iwe imeshapakiwa melini mwezi huohuo. Tunaomba kabla ya hapo wizara itaje ofisa mmoja wa kushughulikia haya yote, mwenye namba ya simu inayopokelewa saa 11 alfajiri.

Wako katika kazi,

Wanakemia wa hewa, mafundi wa vifaa na waratibu wa safari za ndege za utafiti