Mbona hela ya kupanda inazidi bei ya mche?

Hili swali tunaulizwa kila msimu hapa kwenye kitalu chetu cha miti Tabora, na juzi dada mmoja wa Ipuli katuambia wazi kabisa kwamba tunamuibia, mche wa mwavuli (ule mti wa kivuli) elfu tano halafu kupanda elfu kumi, yaani kuchimba shimo tu? Kabeba miche yake kaondoka, kijana wa nyumbani atachimba. Sawa, haki yake. Ila hao wanaoondoka hivyo ndo haohao wanarudi mwezi wa nane wameshika fimbo kavu, eti miche yenu mibovu.

Shimo letu ni sentimita 60 kwa 60, na kina hivyohivyo. Kijana ukimwambia chimba anachimba saizi ya kiriba (kile kimfuko cha plastiki cha mche), anatumbukiza, anashindilia kwa mguu, kamaliza. Sasa udongo wa hapa Tabora juu mchanga, ukishuka kidogo sehemu nyingi unakutana na tabaka gumu ambalo bila sululu haliendi, mizizi ikifika pale inageuka inazunguka humohumo kwenye kashimo, masika maji yanatuama, kiangazi panakauka kama tofali. Mpaka Aprili mvua zinapoisha mti unapendeza na mwenyewe anapiga picha anaweka status, halafu inakuja Mei mpaka Oktoba hakuna tone. Hapo ndo simu zinaanza. Sisi tunavunja lile tabaka, udongo wa juu tunautenga, tunauchanganya na samadi iliyooza (iliyooza jamani, mbichi inaunguza mizizi) ndo tunarudishia, na shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, inabaki usawa uleule iliokuwa nao kwenye kiriba. Hiyo ndo elfu kumi.

Kiriba nacho kinatolewa! Kuna gesti moja Kanyenye walinunua miti ya ashoka ya kuzungushia ukuta wakapanda wenyewe, mwaka wa pili zote njano, hazirefuki, tukaitwa kugombezwa. Tukang'oa moja mbele ya bosi, kiriba hichi hapa kizima, mizizi imejisokota ndani. Aliyepanda anasema aliambiwa plastiki inatunza maji. Mstari wote ukatolewa wakanunua upya, na safari hiyo hawakuuliza bei ya kupanda.

Halafu hili la kutaka mche mrefu. Mteja anapita kitalu kizima anataka ule wa mita mbili, akiukosa kwetu anaupata barabarani kwa bei ya kutupa. Angalia kiriba chake basi. Kama ni kidogo na mti mrefu vile, ujue mzizi ulishatoboa chini ukaingia ardhini siku nyingi, wakati wa kuunyanyua wameukata na panga, umeuziwa majani hayana mizizi. Sisi miche tunainyanyua mara kwa mara kupunguza mizizi na kabla ya kuuza tunaizoesha jua, ndo maana inaonekana mifupi na bei imesimama. Wa futi mbili wenye shina nene mara nyingi unaupita ule mrefu.

Maji: tangu ya Ziwa Victoria yafike mjini watu wana bomba uani, kila jioni wanarashia na mpira dakika mbili wanaona wamemwagilia. Inalowa juu tu, mizizi inabaki juu inaungua. Kiangazi cha kwanza upe mti ndoo ya lita 20 taratibu, mara mbili kwa wiki, inatosha.

Matandazo ya kufunika udongo weka, maganda ya karanga yapo tele, ila yasiguse shina, acha nafasi ya kiganja. Mzee mmoja wa Cheyo aliyarundika mpaka shingoni, mchwa wakaja kula maganda wakaunganisha na gome lote kuzunguka, mkrismasi mzuri (ule mti wa maua mekundu) ukaanguka wenyewe. Na mkrismasi usiuweke karibu na ukuta wala chemba, mizizi yake inatambaa juu na ina nguvu, tumeshaitwa kukata miti mingi ya hivyo na kukata ni ghali kuliko kupanda.

Oda za Novemba tumeanza kupokea, tutumie picha ya uwanja WhatsApp tuone nafasi kwanza. Tukipanda sisi na ukamwagilia tulivyoelekezana, ukifa kabla ya masika yanayofuata tunabadilisha bure. Ukipanda mwenyewe, mche ukishatoka getini ni wako.