Mawingu ya ziwani nayo yapimwe kwa ndege

Mhariri,

Wiki iliyopita kwenye ukurasa huu wa barua kuna msomaji aliandika kwamba kurusha ndege ndani ya mawingu ya mvua ili kuyapima ni kuchoma mafuta bure, kwa sababu siku hizi setilaiti inaona kila kitu. Mi sikubaliani naye hata kidogo, na naomba nafasi nieleze kwa nini, maana jambo hili linatugusa sana sisi wa Kanda ya Ziwa.

Setilaiti nyingi zinaona kichwa cha wingu, zinakwambia kilele kimefika juu kiasi gani na kina baridi kiasi gani, basi. Rada ya ardhini, hata hii yetu ya Kiseke hapa Mwanza, inaona mvua na inapima matone yanavyoisogelea au yanavyoenda mbali nayo, sasa hewa inayopanda wima huko kilomita 60 katikati ya ziwa itaipimaje moja kwa moja? Inabidi kukisia. Na hiyo hewa inayopanda na kushuka ndo kiini cha mambo yote. Ikipanda kwa nguvu unapata radi na mvua ya mawe, ikishuka kwa nguvu inagonga maji na kutawanyika, unapata ule upepo wa baridi unaotangulia mvua, ambao kila mvuvi wa dagaa anaujua maana ndo unaopindua mtumbwi.

Kwenye monsuni, zile pepo za msimu zinazoleta mvua kubwa, watafiti wenzetu hawakukisia. Mwaka 1979 kwenye mradi wa MONEX ndege za utafiti za Marekani zilienda mpaka India kupima monsuni ya kiangazi. Halafu Januari na Februari 1987 wakaja na mradi mwingine, EMEX, huko Darwin kaskazini mwa Australia, wakaingia na ndege ya P-3 ya NOAA (shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa), ile ya mapangaboi manne, moja kwa moja ndani ya mawingu ya monsuni juu ya bahari.

Kazi yenyewe ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Ndege inakwenda kama mita 120 kwa sekunde, kwenye pua kuna vitundu vinavyopima hewa inakuja kwa pembe gani, ndani kuna mtambo unaojua pua imeinuka digrii ngapi na ndege yenyewe inapanda au inashuka kwa kasi gani, ukishatoa mwendo wa ndege kinachobaki ndo mwendo wa hewa. Sasa piga hesabu, kwa kasi hiyo ukikosea pembe kwa digrii 1 tu umekosea mita 2 kwa sekunde, na hewa unayoitafuta mara nyingi yenyewe inapanda kwa mita 2 au 3 tu! Kipimo walichotumia, kilichoanzia kwenye mradi wa GATE wa 1974, uliopima mawingu ya bahari ya Atlantiki kutokea Dakar, Senegal, ni kwamba ili mkondo wa hewa uhesabiwe kuwa na nguvu ni lazima hewa ipande au ishuke zaidi ya mita 1 kwa sekunde, bila kukatika, kwa angalau mita 500. Kwa ndege hiyo ni sekunde 4 na kidogo, rubani hajamaliza hata sentensi imeshapita.

Na walichokuta hakuna setilaiti ingewaambia. Mawingu ya monsuni ya Darwin, ingawa yanamwaga mvua nyingi mno na vilele vyake vinafika juu sana, ndani yake hewa inapanda polepole, karibu sawa na walichokuta Dakar, yaani nusu au hata theluthi ya kasi waliyopima Wamarekani kwenye radi za nchi kavu za Florida na Ohio mwaka 1946 na 1947. Sababu ni kwamba mikondo ya hewa inayopanda juu ya bahari ni myembamba, inavuta hewa kavu ya pembeni, tena inabeba uzito wa maji yake yenyewe. Ndio maana monsuni ya baharini ina radi chache, maji mengi yanadondoka kabla hayajapandishwa kwenye baridi ya kutosha kutengeneza barafu inayozaa umeme.

Ni kweli ndege ina mapungufu, inakata wingu kwa mstari mmoja na kimo kimoja, na rubani mwenye akili hapiti kwenye sehemu mbaya kabisa, kwa hiyo mikondo mikali zaidi inakosekana kwenye takwimu. Lakini kipimo chenye pengo si sawa na kutokuwa na kipimo.

Sasa turudi kwetu. Ziwa Victoria lipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, limezungukwa na nchi kavu, na radi zake ni nyingi sana, hasa usiku, wakati upepo wa nchi kavu unapokutana katikati ya maji na wavuvi wetu wapo na taa zao. Radi nyingi hivyo zinaashiria hewa inapanda kwa nguvu kuliko Darwin. Kwa nguvu kiasi gani? Na inaposhuka inafika na kasi gani? Huwezi kuchukua namba za bahari ya Australia wala za Ohio ukazibandika hapa, halafu ukategemea modeli ya kompyuta itoe tahadhari sahihi saa 9 usiku. Inakadiriwa watu kati ya 3,000 na 5,000 wanakufa kila mwaka kwenye ziwa hili, na dhoruba ni sababu kubwa.

Januari 2019 ndege ya utafiti ya Waingereza, BAe-146 ya FAAM, ilirushwa kutoka Entebbe ikapima upepo wa ziwa na wa nchi kavu. Ilikuwa kazi nzuri, lakini ilikuwa ya majaribio, na lengo lilikuwa huo upepo, sio kupasua mawingu ya radi yenyewe. Naomba TMA, mamlaka yetu ya hali ya hewa, na wenzao wa Kenya na Uganda watuambie hapahapa gazetini kama kuna mpango wa kurudi, na kama upo, vijana wetu wanaosoma hali ya hewa wapewe viti ndani ya hiyo ndege, sio kusubiri kutumiwa data miaka mitatu baadaye.

Msomaji wenu,
Igombe, Mwanza