Duka lipi nafuu Tanga? Wastani hautoshi

Mhariri,

Wanaolinganisha bei za Ngamiani, Makorora, Chumbageni na soko la Mgandini huishia kujumlisha na kugawanya. Hapo ndipo hesabu inapopotea. Mchele na chumvi haviko daraja moja, na tofauti ya bidhaa na bidhaa huimeza ile ya duka na duka.

Kinachofaa ni uchanganuzi wa variansi wa njia mbili, yaani hesabu inayotenganisha tofauti ya bei itokanayo na duka na ile itokanayo na bidhaa. Chukua maduka 4 na bidhaa zilezile 10, bei zote za siku moja. Pima kwa kilo au lita. Fungu la nyanya lipande kwenye mizani kwanza, maana fungu la asubuhi si la jioni. Sukari ya kupima usiiweke na ya pakiti. Kisha geuza bei ziwe logi (logaridhimu), kwa kuwa maduka hupishana kwa asilimia zaidi kuliko kwa shilingi. Digrii za uhuru (idadi ya thamani zilizo huru kubadilika) ni 3 za maduka, 9 za bidhaa, 27 za masalio, yaani tofauti inayobaki baada ya kutoa ya duka na ya bidhaa. Gawa variansi ya maduka kwa ya masalio; jibu ndilo F. F ikizidi 2.96, bahati peke yake haielezi tofauti hiyo, kwa kiwango cha asilimia 5: bahati tupu hutoa F kubwa hivyo mara 5 tu kati ya 100.

F haikutajii duka la ghali. Hiyo ni kazi ya jaribio la Tukey, linalolinganisha jozi zote za maduka kwa pamoja. Wanaopita jozi zote 6 kwa jaribio la t (la kulinganisha wastani mbili tu), jozi moja moja, hujiongezea uwezekano wa kuona tofauti hewa, kutoka asilimia 5 hadi kama asilimia 20 hivi.

Wapenda takwimu,
Tanga